Fundi Aliniambia Niweke Waya Mbali na Moyo

Mpendwa mshauri, Mama Serah, naomba msaada wako upesi, kabla ya Jumamosi, maana maji yamenifika shingoni na sina mtu wa kumwambia, kwa sababu kila mtu ambaye ningemwambia ameshashika geti. Nakusikiliza redioni kila Alhamisi asubuhi tukipanga mikate, kwa hiyo nakuomba uisome barua hii, lakini jina langu usilitaje, sema tu Mpishi, wala usitaje mtaa, ambao ni Nyakuron, njia ya nyuma ya ukumbi wa utamaduni, geti la buluu.

Mimi ni Mkenya, nimezaliwa Webuye, naoka mikate katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, na huu ni mwezi wa kumi na nne tangu nishuke Juba. Kule jikoni tuko Wakenya na Waganda watupu, tunaongea Kiswahili kuanzia unga mpaka mkate, ndiyo maana Kiarabu cha hapa hakijaniingia, najua kalas ni kwisha, batal ni mbaya, kahraba ni stima, basi. Nimepanga chumba cha nyuma kwa mama mmoja aliyekaa ukimbizini Arua miaka mingi akarudi na Kiswahili cha Uganda, na mama huyu ana binti ambaye hapa nitamwita Helen, na yeye basi awe Mama Helen.

Helen ndiye aliyeanza, mimi sikuwa na nia. Siku yangu ya tatu pale nilikuwa nimesimama kando ya tangi, naye ameinama anafua mashuka, hatujawahi hata kusalimiana, akainua uso akanitazama machoni akaniambia, "Jibu moyo." Mama Serah, mimi ni mtu wa kawaida, sijawahi kuambiwa neno kama hilo na mwanamke, kwetu msichana anaweza kukuzungusha mwaka mzima ukinunua soda, na huyu bila hata habari yako ananiambia niujibu moyo wake, nikaujibu, nikamwambia hata mimi nimekupenda tangu nilipokuona jana ukipepeta mchele. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akachota maji akaendelea kufua. Tangu siku hiyo tuko pamoja.

Watu wa nyumba hii husema sana habari za moyo na nimewapenda kwa hilo. Asubuhi nyingine Mama Helen hutoka nje, anachungulia tangi, anashika kiuno, anasema, "Moyo kalas," yaani moyo wake umekwisha, nami humwendea nikamwambia pole Mama, jipe moyo, Mungu yupo. Yeye hunitazama tu.

Sasa tatizo ni kaka mkubwa wa Mama Helen, Mzee Lako, anayekaa Kajo-Keji, na neno la posa liko kinywani mwake. Alisema hamwozi mpwa wake kwa Mkenya, kwa sababu Mkenya leo yuko hapa na kesho amepanda ndege ya Nairobi. Nikafikiri, nifanye kitu kwenye ploti kinachoonyesha mimi ni mtu wa kukaa, nikajitolea kuweka taa za nje, balbu nane za rangi kuanzia ukutani mpaka juu ya geti. Fundi wa umeme niliyemwita, Loku, alianza vizuri, akapigilia misumari, akapitisha waya juu ukutani, halafu akaitwa Torit kwa kazi ya kanisa, akaniambia nimngoje wiki mbili. Sikungoja. Nilisema waya ni mbili tu, na mimi naendesha oveni ya mikate mia tatu, itanishinda vipi. Nikampigia simu, mtandao unakatika katika, nikamuuliza cha kuangalia ni nini, akasema, "Mambo yote sawa, lakini wewe sikia, peleka waya mbali na moyo. Moyo na kahraba batal sana, inaua mtu." Nikamuuliza mbali kiasi gani. Akasema mita mbili, tatu ukiweza, na simu ikakatika.

Nikasimama ukutani nikajipima. Pale alipopitisha Loku ni juu ya kifua kidogo tu, karibu kabisa na moyo wa mtu, nikashukuru Mungu kwamba nilipiga simu. Nikaing'oa yote. Mahali pa chini kuliko pote kwenye ploti ile ni mtaro wa maji ya bafuni, ule unaotokea nje chini ya geti, basi nikailaza humo, na penye maungio nikafunga nailoni za mkate kwa sababu tepu ilikuwa imekwisha, na iliyobaki nikaizungusha kwenye geti lenyewe, huku chini miguuni, ndipo nikapandisha balbu. Hata swichi niliishusha nikaiweka kando ya bomba. Jioni nikawasha, zikawaka zote nane, njia nzima ikaja kuangalia, na Mama Helen akasema, "Mtoto ya Kenya iko najua kazi." Nililala nimeshiba bila kula.

Kesho yake Mama Helen akatoka kwenye kufua, mikono imelowa, akashika geti alifungue. Ujue mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi tangu aanguke na boda mwaka jana. Geti likamtikisa, ule mkono ukaruka mpaka juu ya kichwa. Nilijua nimeua mama mkwe. Akasimama anautazama, akaushusha, akaupandisha tena, akasema polepole, "Mkono yangu ilikuwa nalala. Sasa imeamka." Mama Serah, nilifungua mdomo niseme, nakuapia, lakini kabla neno halijatoka akanishika shavu kwa mkono ule ule akaniambia, "Wewe iko mtoto yangu. Hii ni baraka umeleta kwa nyumba." Na Helen yuko mlangoni anafuta machozi kwa kanga. Nikafunga mdomo, na haujafunguka mpaka leo.

Basi ikawa foleni kila asubuhi. Wenye magoti, wenye viuno, mwalimu mmoja alikuja na jino akaegemeza shavu. Mama Helen anawapanga mstari na anawaambia wanawe mikono kwanza, kwa heshima. Mimi geti silishiki. Natoka kwenda kazini kwa kuruka ukuta, Helen akaniuliza kwa nini, nikamwambia ni mazoezi. Nilitaka kuizima lakini hata swichi inauma. Halafu Jumapili mvua ikanyesha, mtaro ukajaa, na mbuzi wa jirani akaja kujikuna kwenye geti. Alianguka miguu yote minne juu. Baadaye aliamka, lakini siku hizi hapiti njia yetu, anazungukia sokoni. Mimi nilijua maana yake. Mama Helen akasema, "Hata mbuzi naguswa," akafungua uwazi kwenye ua wa mabua tupitie kwa jirani, akaamuru geti lipumzike mpaka Jumamosi ili nguvu yake yote impate Mzee Lako.

Ndiyo, anakuja. Amesikia habari za mkono wa dada yake na amesema atalishika mwenyewe kwa mikono miwili, na akipata nafuu, Helen ni wangu. Na anachougua Mzee Lako, Mama Serah, ni moyo. Sasa hapo ndipo usingizi uliponitoka. Loku aliniambia niweke waya mbali na moyo, na Loku hajawahi kumwona mzee huyu wala kusikia habari zake, alijuaje? Ni mtu anayeona mambo? Nimempigia tangu Jumatatu, hapatikani. Nikisema ukweli namkosa Helen, nikinyamaza labda mzee anafia kwenye geti langu, nikiiondoa waya kimyakimya geti litapoa na watasema baraka imekimbia kwa sababu yangu. Nishike lipi?

Ni mimi,
Mpishi

*

Mpishi, zima stima kwanza. Jibu utalisikia baadaye.

Usiiguse hiyo swichi ya kando ya bomba. Vaa viatu vya mpira vilivyokauka, futa mikono, ingia ndani kwenye mita, simama juu ya ubao mkavu, ushushe ile swichi kubwa ya nyumba nzima. Kama nayo imelowa, au inauma, iache kama ilivyo, toa watu wote nje, uite watu wa umeme waje wakate kule kwenye nguzo. Bosi wako anisamehe, mikate itasubiri.

Uliniomba nisitaje mtaa. Nautaja. Nyakuron, njia ya nyuma ya ukumbi wa utamaduni, geti la buluu lenye balbu nane za rangi. Asilishike mtu, wala mwenye goti, wala mwenye jino, wala mtoto anayerudi dukani. Wazazi wa njia ile, simameni hapo sasa hivi mkazuie watu. Siri ilikuwa yako, Mpishi, lakini roho za watu si zako, na hapo sikuombi msamaha. Kiprono, fundi wa umeme ninayemwamini kuliko jamaa zangu wengine, ameshapanda boda anakuja kwako na begi la vifaa. Mpokee, na usimsaidie.

Sasa kaa chini, juu ya kitu kikavu, nikuambie jambo. Loku haoni mambo. Loku anaona maji. Moyo, kwa Kiarabu cha Juba, ni maji.

Mimi nimezaliwa Malakia, hapa hapa Juba. Moyo nimeunywa, nimeuogea, nimeubeba kichwani tangu nina miaka sita. Kila asubuhi lori linapita hapo Nyakuron kuuza moyo na watu wanatoka mbio na mapipa. Wewe ulidhani wanauziwa nini? Fundi wa watu amekuambia weka waya mbali na maji, mita mbili, tatu ukiweza, nawe ukaing'oa mahali pakavu ilipokuwa imetulia, ukaenda kuilaza kwenye mtaro wa bafuni. Hata adui yako angetaka kukukomoa asingepata mahali pazuri zaidi. Na Mama Helen akisema moyo kalas huku anachungulia tangi, tangi ni tupu. Anakutuma maji, kijana mwenye mabega mawili, nawe unamwambia ajipe moyo. Alikuwa akajipe wapi? Nashangaa hakukufukuza mwezi wa kwanza.

Kuuliza si ujinga, na uliuliza, hilo nakupa. Ujinga ni kupewa jibu lisiloingia akilini ukalibeba hivyo hivyo. Mtu anakuambia uwe mita tatu kutoka kwa moyo wako mwenyewe, na unakwenda kutafuta mahali pa kuzipata. Ungemuuliza Helen tu, yuko hapo hapo anaanika nguo, angekuambia kwa neno moja.

Najua ulifanya kwa kupenda, na nilipofika pale mama aliposhika shavu lako nilikuhurumia, hata mtangazaji mwenzangu hapa alivua miwani. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba baraka yake ni kosa lako. Lakini mkono ule haukupona, Mpishi. Mkono ule ulikimbia. Kama kweli sasa unapanda, mpelekeni hospitali wauangalie na wamwonyeshe mazoezi, asije akarudi kutafuta chuma kingine cha kushika. Na kumnawisha mtu mikono kabla hajagusa chuma chenye umeme ni kumwandalia jeneza kwa adabu. Mmeponea chupuchupu kwa sababu jua lilikuwa kali na mtaro ulikuwa na maji kidogo. Mvua moja tu imemlaza mbuzi miguu juu. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo, moyo wa kifuani, maana kwako naona lazima nieleze upi, akishika kwa mikono miwili haamki kama mbuzi.

Nimemuuliza Kiprono itakavyokuwa, ili na wengine mnaopenda kupamba nyumba msikie. Waya ya nje si ile nyembamba ya redio, ni ile nene yenye ngozi ya mpira iliyotengenezewa jua na mvua. Ipite juu ukutani, pale pale pa Loku, au kama ni lazima izikwe, ilale ndani ya bomba la plastiki, chini kuliko jembe linapofika, na mtaro uwe mbali. Maungio yakae kwenye kisanduku kisichoingiza maji, nailoni ya mkate ni ya mkate. Balbu na vishikio vyake viwe vya kustahimili mvua, na swichi irudi ndani ya nyumba. Ile waya ya tatu, ya kijani na njano, ambayo nina hakika uliikata kwa sababu ulisema waya ni mbili tu, inakwenda kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, na kwenye ubao wa mita kuna swichi ya kujikata yenyewe umeme ukivuja, hiyo iwekwe kabla ya balbu ya kwanza kuwaka. Geti libaki geti, lisiguswe na waya hata moja. Na wote mnaonisikiliza, mkiona mtu amenaswa na umeme, msimkumbatie, mtakuwa wawili. Kateni stima kwanza.

Haya, la nyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumamosi. Leo hii hii, Kiprono akishamaliza, muite Mama Helen na Helen, kaa chini kuliko wao, useme, "Mama, geti halikuwa na baraka. Nililifungia waya vibaya, nikajua, nikanyamaza kwa sababu niliogopa kumkosa Helen." Usiongeze hadithi ya Loku hapo, ya Loku ni ya kucheka baadaye. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike mpaka amalize. Kesho uoke mikate, kazi hiyo unaijua, upeleke kwa kila mwenye goti na kiuno aliyesimama kwenye ile foleni, na yule mwalimu mpelekee laini, ya mtu mwenye jino. Kila mlango uombe msamaha kwa mdomo wako.

Mzee Lako akifika, umfungulie geti wewe. Lishike kwa mikono miwili yeye akiona, mikono iliyokuwa inaruka ukuta, halafu umweleze yote mwanzo mpaka mwisho. Mzee huyu hajawahi kusema kwamba wewe ni mbaya. Amesema utapanda ndege. Anachotaka kujua ni kimoja tu, kama ukikosea unabaki, na taa nane za rangi haziwezi kumjibu hilo.

La Helen nimeliacha nyuma kwa makusudi. Unaogopa atakuacha. Sasa sikia neno lako la pili la Kiarabu leo. "Jibu" hapa kwetu maana yake ni leta. Jibu moyo, leta maji. Msichana alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko, akaona kijana amesimama bure kando ya tangi, akamwomba maji, akapewa mapenzi. Alilijua kosa lako hapo hapo, ndiyo maana alicheka mpaka akakaa chini. Na miezi yote hii, na Kiswahili anakijua, hajakusahihisha hata siku moja. Mwanamke aliyekutunzia kosa kama hilo muda wote huo hatakuacha kwa ajili ya geti.

Nenda kaseme. Ukishamaliza, chukua jerikeni, umjazie beseni lake mpaka juu. Siku ile alichota mwenyewe.